Alimwambia Nini Mwamuzi?

Benchi lenyewe ni ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha Fundi Redio. Kila asubuhi hubeba uzito wa watu watatu na maneno ya watu thelathini. Upande huu hukaa Kocha, muuza mitumba mwenye filimbi shingoni, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku kuingia bandani. Upande ule hukaa Wakili, tarishi wa ofisi ya mawakili, ambaye kwa kubeba mafaili ya kesi miaka nenda miaka rudi anaamini sheria imemwingia kupitia viganja. Katikati ni Fundi Redio mwenyewe, bisibisi sikioni. Na mbele yao, juu ya kigoda, nyuma ya birika na jiko la makaa, Mama Mdogo. Jina hilo alipewa na mtoto wa dada yake. Dada mtu ni muuguzi wa zamu, na zamu haijui kama mtoto kala au hakula, basi mtoto akakulia kwa mama yake mdogo, na kijiwe kizima kikamwitikia. Siku hizi mtoto ana miaka ishirini na moja, analipwa kucheza mpira wa kikapu, na kwa urefu wake watu wanamwita Ngazi.

Asubuhi ile Mama Mdogo alikuwa anamimina kahawa huku roho haijatulia. Ngazi humpigia simu kila baada ya mchezo, ashinde ashindwe. Jana jioni hakupiga. Leo alfajiri alijaribu yeye, simu imezimwa. Na yule mtoto alimjua: akifoka, hajambo. Akinyamaza, nenda kamwangalie.

Hayo hakumwambia mtu. Kocha naye hakumpa nafasi.

— Mama Mdogo, wewe hukuona, sisi tuliona. Acha nikusimulie, usije ukasimuliwa na waongo.

— Simulia basi, na kikombe ukishike vizuri.

— Robo ya tatu. Tunaongoza. Ngazi kachukua mpira, kapita wa kwanza, kapita wa pili, sasa anaruka. Lile jitu lao, lile wanaloliita Tingatinga, likamjia. Likamtia kiwiko cha mdomo, kwa! Hapa hapa! Mpaka mimi niliyekaa kwenye kiti nikashika meno.

Mama Mdogo akaacha kumimina.

— Akaanguka?

— Akaanguka chali. Mwamuzi kimya! Filimbi kaifanya kidani. Sisi wote tumesimama, tunajua sasa kinafuata nini. Si unamkumbuka msimu uliopita? Viti alipiga mateke, mwamuzi alimwita kipofu, mtu wa watu alimkaba shati.

— Na akatolewa nje mara tatu, Wakili akaingilia. Na uongozi ukamwambia mbele ya mashahidi: ya nne, tafuta kazi nyingine. Hilo lipo kwenye kumbukumbu.

— Nawe usinikate! Basi Mama Mdogo, kijana akainuka. Akafuta damu kwa fulana. Akaenda kwa Tingatinga, sisi tukasema, haya, sasa! Akampita. Akampita kama anapita nguzo ya umeme! Akaenda mpaka kwa mwamuzi, akainama, akamnong'oneza sikioni. Mwamuzi akatikisa kichwa, ndiyo. Kijana akatoka kidogo, akarudi, akacheza mpaka mwisho, mdomo umevimba kama andazi. Tukafungwa kwa kapu moja. Na mchezo ulipokwisha akampa Tingatinga mkono!

— Mkono wa ngumi? Fundi Redio akauliza, akijua vizuri.

— Mkono wa salamu, mwenzangu! Salamu! Wamemkata makali yule mtoto. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba: leo kiwiko kimoja, kesho viwiko kumi, mwisho wa msimu kibaba cha viwiko kimejaa.

Mama Mdogo akakaa vizuri kwenye kigoda. Kwa hiyo alipigwa, akanyamaza, na simu kaizima. Moyoni akajiuliza kama yule mtoto wake mkali yupo bado, au wamemrudishia mwingine.

— Lakini alimnong'oneza nini? akauliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya.

Hilo ndilo swali ambalo kijiwe kilikuwa kinalisubiri.

— Kisheria jibu ni moja tu, Wakili akasema, akivuta suruali magotini. Alimwambia, "Mheshimiwa, naweka pingamizi." Ndiyo maana mwamuzi akatikisa kichwa. Pingamizi limepokelewa. Subirini, wiki ijayo mtasikia mchezo unarudiwa.

— Mdomo umejaa damu, aseme pingamizi? Kocha akacheka. Wewe ukiwa mzima unalisema kwa shida.

— Haki ya mtu haipotei, hata akiwa kibogoyo.

— Nyote hamjui, Fundi Redio akasema, akachomoa bisibisi sikioni. Nyote mnatazama mchezo, mimi natazama mitambo. Kile kitambaa anachofunga kichwani mmekiona? Msimu uliopita hakuwa nacho.

— Cha kuzuia jasho kile.

— Jasho gani! Kina spika ndani, ndogo kama punje ya mtama. Mwalimu wake anaongea, yeye anatii. "Tulia. Geuka. Mpite." Ndiyo ule ukomavu mnaousifu. Sasa kiwiko kilipompata, waya ukakatika. Alimwendea mwamuzi kuomba muda afunge waya.

— Na ile salamu ya mwisho?

— Mawimbi yaliingiliana. Alikuwa anatii amri ya timu nyingine.

Mama Mdogo akacheka asitake. Ndivyo walivyo hawa watu. Unaweza kuwa na jiwe kifuani, wakakufanya ulicheke hilo jiwe.

— Spika ni kitu kidogo, Kocha akasema, na sauti ikashuka, maana yeye akitaka kudanganya kwa dhati hushusha sauti. Jamani, mimi nina macho. Nilimtazama anavyotembea. Mabega yametulia, hatazami jukwaa, hagombani na mtu. Yule si Ngazi.

— Ni nani?

— Pacha wake.

— Pacha! Mama Mdogo akaweka birika chini. Kocha, mimi nilikuwepo hospitali siku ile. Alitoka mmoja, na huyo mmoja alikuwa mrefu wa kutosha wawili.

— Mama Mdogo, kwa heshima zote, manesi hawaoni kila kitu.

— Mama yake ndiye nesi!

— Ndiyo hapo sasa! Mganga hajigangi!

Kahawa ikamtoka Wakili puani kwa kicheko. Fundi Redio, ambaye hapendi nadharia ya mtu ipae kuliko yake, hakucheka.

— Kocha, wewe tatizo lako hujui ukomavu ni nini, kwa sababu huna.

— Mimi?

— Wewe. Juzi ulibishana na mteja juu ya soksi mpaka akaacha na viatu.

— Mimi nimekomaa! Kocha akasimama. Nimekomaa kabla wewe hujajua kushika bisibisi!

— Mtu mzima hapigi kelele.

— SIPIGI KELELE!

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na fundi, akasema Fundi Redio, naye akasimama.

Na benchi lile, likiwa ubao tu juu ya matofali, likiondokewa na wawili linamwangusha wa tatu. Wakili akateleza mpaka chini na kikombe chake. Kahawa ikamwangukia Fundi mguuni, Fundi akaruka akampiga Kocha kikumbo bila kukusudia, Kocha akampiga Fundi kikumbo kwa kukusudia, na filimbi ikanaswa kwenye kifungo cha shati la Fundi. Wakabaki wameunganishwa shingo kwa kifua, kila mmoja anamwambia mwenzake aachie kwanza. Chini kwenye vumbi, Wakili alikuwa anaita mashahidi.

— Niachie filimbi!

— Niachie kifungo!

— Hakuna tone la kahawa tena hapa, Mama Mdogo akasema, akafunika birika. Watu wazima na mvi zenu! Mnamsema mtoto wa watu hajapigana, na ninyi mnapigana kwa ajili yake!

Hapo kivuli kikaanguka juu ya jiko, kirefu, kikapita jiko, kikapanda mpaka kwenye kibanda. Wote wakainua macho.

Alikuwa amesimama na begi begani. Mdomo wa juu umevimba upande mmoja, na shavu limetuna kwa pamba iliyo ndani.

— Shikamoo, Mama Mdogo. Shikamooni, wazee.

Maneno yalitoka kama yamevaa soksi. Mama Mdogo hakuitikia marahaba. Alikwisha kuinuka, mkono mmoja kifuani.

— Wewe mtoto! Simu yako iko wapi? Nimekesha!

— Imeisha chaji, Mama Mdogo. Nilipelekwa moja kwa moja kwa daktari wa meno. Ningepiga ungesikia nini? Baada ya sindano yake nilikuwa hata jina langu silitamki.

Ikawa Mama Mdogo anataka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja, akaishia kumpangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye mkono wa shati. Fundi Redio alikuwa ameshachomoa filimbi kwenye kifungo polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Wakili akainuka, akajikung'uta, akawa wa kwanza kupata ujasiri.

— Kijana, kwa kumbukumbu za kijiwe. Ulimwambia nini mwamuzi?

— Lini?

— Jana! Ulipoinama!

Ngazi akafikiri kidogo.

— Aa. Nilimwomba nikateme damu. Nilisema, "Mwamuzi, naomba nikateme, nisije nikachafua uwanja, watu wakateleza."

Fundi Redio akakitazama kile kichwa cha Ngazi, hakina kitambaa, hakina waya.

— Basi? akasema kwa huzuni.

— Basi.

— Na yule Tingatinga, Kocha akasema. Hukukasirika?

— Nilikasirika sana, mzee wangu. Ngumi ilikuwa imeshakunjika, hata sijui ilikunjika saa ngapi. Akainyoosha mikono yake mirefu, akaitazama kama ya mtu mwingine. Ila mara ile ya tatu niliyotolewa, niliwekwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, peke yangu. Ukuta wenyewe mwembamba. Sioni kitu, nasikia viatu vya wenzangu tu vinavyolia sakafuni, kwii, kwii, na mimi nimekaa na taulo. Sijui nani kapata mpira, sijui nani kaanguka. Mpaka leo ule mlio haujanitoka masikioni. Jana nilipoinuka pale chini, niliusikia. Nikasema, hapana. Leo mimi sikai nyuma ya ukuta.

Mama Mdogo alimwangalia uso ule uliovimba. Kumbe jana mtoto wake alipigana, tena alipigana sana, ila hakuna aliyeona.

Kocha akakohoa. Alikuwa mtu mwema, lakini kushindwa kulikuwa hakujamshuka kooni.

— Sawa, mwanangu. Umesema vizuri. Lakini tulifungwa! Kwa kapu moja! Mtu akikuonea mbele ya watu, lazima umwonyeshe. Ungempiga moja tu. Moja! Wenzako wangepata moyo.

— Ningempiga?

— Ungempiga!

— Halafu nani angecheza?

Aliuliza kwa upole, bila kejeli, kama mtu ambaye kweli anataka kusaidiwa jibu. Kocha akashika filimbi yake. Akamtazama Wakili, na Wakili akainama kuyapanga matofali ya benchi vizuri. Fundi Redio akarudisha bisibisi sikioni, akaitoa, akairudisha. Kocha akajaribu kujibu, akapata neno moja.

— Lakini...

Akachungulia kikombe chake kitupu.

— Mama Mdogo, akasema hatimaye, hebu tupe kahawa kwanza, tufikiri.

Mama Mdogo akalipindua birika mbele yao wote. Tone moja likaanguka juu ya makaa, likafanya tss.

— Imekwisha. Fikirini kavukavu.

Akakusanya vikombe kwenye ndoo, akafunga khanga kiunoni, akamwambia Ngazi anakwenda nyumbani kumchemshia maziwa, kwa kuwa chakula cha kutafuna hakiwezi. Kisha akamsimamisha.

— Inama nione hilo jino.

Ngazi akainama, na kuinama kwake ni safari. Mama Mdogo akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akachungulia kwa makini vile vile alivyokuwa akichungulia meno ya utoto yalipokuwa yanang'oka moja moja na mtoto akilia kila moja lilipotoka.

— Litapona, akasema. Funga, utaingiza nzi.

Ngazi hakuinuka mara moja. Akabaki ameinama pale, kichwa karibu na sikio lake, akasema chini chini, wazee wasisikie:

— Mama Mdogo, bado nina hasira, ujue.

— Najua, baba. Beba jiko twende. Taratibu, bado lina moto.