Mama Mwendo na Magoti ya Mumewe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Profesa Mshiriki wa Kinesiolojia katika Idara yetu ya Sayansi ya Michezo anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwa wasiolijua neno hilo refu, kinesiolojia ni sayansi ya jinsi mwili unavyojongea, na yeye ndiye ambaye chuo kizima tunamwita Mama Mwendo. Chuo kilimwomba aongeze mkataba wa miaka miwili. Amekataa, tena kwa upole, na sababu iko nyumbani: mumewe alipata kiharusi mwaka jana, na yeye ameamua kwenda kuwa mguu wa mumewe. Hilo nitalifikia. Kwanza tumseme kidogo, maana leo hana ruhusa ya kujibu.

Anayeandika haya ni jirani yake wa ofisi kwa miaka kumi na minne, mhadhiri wa uongozi wa michezo, yaani yule anayefundisha mambo ya tiketi, mikataba na kugombana na wenye viwanja. Ukuta kati yetu ni wa mbao nyembamba. Nimeisikia mihadhara yake kuliko wanafunzi wake, na naamini ningefaulu mtihani wake, ingawa mwenyewe hakubali.

Alianza kazi kama mhadhiri msaidizi wakati idara yote ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Alikaa humo pamoja na nyavu za voliboli, magodoro ya kurukia na baiskeli moja ya maabara isiyokwenda popote. Vitivo vingine vilituita watu wa mchezo mchezo. Yeye hakununa, aliwakaribisha wapande ile baiskeli. Mhadhiri mmoja wa sheria, mtu mzito wa maneno na wa mwili, alishuka mapema kuliko alivyotarajia, akakaa sakafuni, akaomba maji. Tangu siku hiyo kura yake kwenye Seneti ilikuwa yetu.

Utafiti wake wa shahada ya uzamili ulihusu vifundo vya miguu vya mafundi cherehani, wale wanaotumia cherehani za kukanyaga. Watu walicheka, na mimi ningecheka kama ningekuwepo. Alikwenda kwenye maduka ya mafundi na tepu mkononi, apime miguu. Fundi wa kwanza kumwona alidhani kaja kushonewa nguo, naye akatoa tepu yake. Wakapimana, na mpaka leo hawajakubaliana nani alianza. Matokeo: utafiti ulipata alama za juu kabisa, gauni lilimbana mabegani, na fundi akawa mume.

Hapo ndipo shemeji yetu alipopoteza uhuru wa miguu yake. Kila mwaka mkewe alimleta maabara, akamvalisha kaptula, akampiga filamu akitembea kwenda na kurudi, ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza waone mwendo wa mtu wa kawaida. Kwa heshima ya familia, filamu ilianzia kiunoni kwenda chini. Kwa hiyo vizazi na vizazi vya wahitimu wetu wanayajua magoti yake, lakini sura hawaijui. Siku moja akiwa kwenye foleni ya benki na kaptula yake, kijana wa nyuma alimkagua kwa muda, kisha akamwamkia kwa adabu zote na kumuuliza kama yeye ndiye Bwana Magoti. Jina likaganda. Mwenyewe analalamika, lakini nimewahi kumsikia akijitambulisha hivyo kwenye simu.

Kuishi na Mama Mwendo kuna gharama zake. Siku ya usaili wangu wa kazi, baada ya maswali yote ya maana, aliniomba nitembee hadi dirishani na kurudi. Nikatembea kwa adabu kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, nikijiuliza huu ni mtego gani. Kumbe alitaka tu kujua kwa nini kisigino cha kiatu changu cha kushoto kimeliwa upande mmoja. Kwenye harusi ya karani wetu, bibi harusi alipoingia na ukumbi mzima ukasimama kumtazama, yeye aliniinamia sikioni na kusema nyonga ya kulia imeshuka, viatu vile vivuliwe kabla ya keki. Na kweli, kabla ya keki bibi harusi alikuwa peku. Hebu fikiria kukaa na mtu wa namna hiyo kwenye mkutano wa bodi.

Lakini jamani, amefanya kazi. Shahada yake ya uzamivu ilihusu wazee wanavyoanguka kwenye ngazi, na kwa sababu ya utafiti huo kila ngazi ya chuo hiki leo ina vishikio pande zote mbili. Aliandika kitabu cha kiada cha kinesiolojia kwa Kiswahili wakati wengi wetu tuliapa kwamba haiwezekani. Alianzisha Kliniki ya Mwendo, ambako wanafunzi wanawahudumia wazee wa mitaa ya jirani. Na kwenye mtihani wa mdomo wa mwaka wa mwisho aliingiza mtahini asiye na shahada hata moja: bibi mmoja wa hiyo kliniki, ambaye mwanafunzi lazima amweleze goti lake mpaka aelewe. Bibi huyo aliwahi kumwangusha kijana aliyekuwa akiongoza darasa, kwa kosa la kuitazama karatasi badala ya goti. Kijana alikata rufaa. Mama Mwendo alimwambia afanye tena, na safari hii ainue macho.

Programu ya hafla hii ya kumuaga, mliyoishika mkononi, inaishia hapo. Yanayofuata hayamo humo, kwa sababu programu hiyo aliikagua yeye mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Mwaka jana, asubuhi moja, fundi alianguka kando ya cherehani yake. Kiharusi kilichukua upande wa kulia: mkono, mguu na nusu ya maneno. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, akarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, na sisi tukasema angalau ana bahati ya mke. Wapi! Mama Mwendo alimpangia mazoezi ya asubuhi na jioni, na mgonjwa akagoma. Kwa yale maneno machache aliyobakiwa nayo, alimwambia mkewe achague moja, awe mke au awe kocha, kwani yeye hawezi kufokewa kuhusu goti halafu ale meza moja na anayemfokea. Mwanamke aliyewainua wazee wa watu wengine miaka yote hiyo akashindwa kumwinua wa kwake. Siku hiyo alikuja ofisini, akafunga mlango, akalia, na ule ukuta wa mbao haukunificha kitu. Nilichemsha chai nikampelekea. Iliniuma sana.

Aliyepata njia ni mratibu wa kliniki, mwanafunzi wake wa zamani. Alimwomba amlete mgonjwa, lakini yeye mwenyewe abaki nje. Basi mtaalamu wetu mkubwa kuliko wote akawa anakaa kwenye benchi la korido kila Jumanne na Alhamisi, akisikiliza mlango. Mara kadhaa alishika kitasa. Kila mara mratibu alitoka, akamwamkia shikamoo, akamrudisha kwenye benchi.

Ndani, wanafunzi hawakuhitaji kuelezwa magoti yale yakoje. Walikuwa na filamu za miaka yote, mwendo wa mtu huyo mmoja tangu ujana, na walijua hasa alivyokuwa akiweka kisigino na alivyokuwa akigeuza nyonga. Ni mgonjwa gani mwingine amewahi kupata bahati kama hiyo? Kichekesho cha darasani kikageuka kuwa tiba.

Kliniki ile ina utaratibu aliouweka Mama Mwendo mwenyewe. Mgonjwa haulizwi anaumwa wapi mpaka kwanza aulizwe anataka kwenda wapi. Bibi mmoja alitaka kufika chooni bila kusindikizwa na mkwewe. Mzee mmoja alitaka kupanda ghorofa ya tatu akagombane na kaka yake ana kwa ana. Alifika, na wakagombana vizuri tu. Shemeji naye aliulizwa. Alijibu, kisha akawaapisha wote waliokuwemo chumbani wasimwambie mkewe. Mkewe amebembeleza, ametisha, ametumia na cheo, lakini hajaambulia kitu. Anachokijua ni anachokiona nyumbani: mtu anayeshikwa kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha anaomba kiti. Mbele yake shemeji hataki kujaribu zaidi, asije akaanguka huku anatazamwa na yeye. Kwa hiyo Mama Mwendo amekata tamaa ya kumwona akitembea tena. Hasemi, lakini mimi ni jirani yake, najua. Hiyo ndiyo sababu iliyomfanya aukatae mkataba.

Sasa niseme, kwa ruhusa ya mwenye siri. Mwalimu, mumeo alipoulizwa anataka kwenda wapi, alisema anataka kwenda kwako. Aingie kwa mlango wa nyuma wa ukumbi huu siku yako ya kuaga, apite katikati ya viti kwa miguu yake, bila kushikwa, hadi pale ulipokaa. Hayuko nyumbani na mdogo wake kama ulivyoambiwa. Ile habari kwamba viti vya ukumbi huu vinamuumiza mgongo tulimtungia sisi. Juzi alijaribu hapa hapa, akaishiwa nguvu katikati ya njia. Jana alifika. Leo hatujui, na tunaogopa kama unavyoogopa wewe.

Ninyi mnaokaa pembeni mwa njia, naomba mikono yenu ibaki mapajani. Akihitaji msaada ataomba mwenyewe, na mratibu yuko nyuma yake.

Mama Mwendo, ahsante kwa kazi, kwa ukali na kwa vicheko vilivyopenya ule ukuta. Kaishi vizuri, lala mpaka uchoke kulala, na Mungu akujalie kugombana na mumeo kwa miaka mingi ijayo.

Mlango unafunguliwa. Usinyanyuke, mwalimu. Mwache aje.