Fundi Eliasi Bakili, 1924–1983: Inchi za Kila Asubuhi

Fundi Eliasi Bakili, tunayemlaza hapa Kinondoni leo Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1983, alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 katika kijiji cha Mwena, Ndanda, wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Bakili, mkulima wa mihogo na korosho. Mama yake alifariki Eliasi akiwa na miaka sita, akalelewa na dada yake mkubwa, Clotilda, ambaye yupo hapa na anaweza kueleza mwenyewe jinsi alivyokuwa mtundu.

Alisoma shule ya misheni Ndanda kuanzia mwaka 1935 hadi 1938, darasa la nne. Bruda mmoja aliyeshona kanzu za mapadre alimwona anavyoshika sindano, akamkalisha kwenye cherehani. Tangu siku hiyo hakuinuka.

Mwaka 1947 alipanda lori kuja Dar es Salaam na mkasi wake na futi ya kupimia, akapata nafasi barazani mwa duka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mwaka 1969 alijiunga na ushirika wa mafundi cherehani. Miaka hii vitambaa vilipoadimika, watu walimletea mashati makuukuu awageuzie kola. Mteja mmoja alimwambia, "Fundi, hili limekufa, nifanyie dekio tu." Akamjibu, "Limechakaa upande mmoja, ndugu yangu. Wa pili hujauona." Yule bwana amelivaa shati hilo leo.

Tarehe 8 Juni 1957 alifunga ndoa na Benedikta katika parokia ya Msimbazi. Gauni la bibi arusi alilishona bila kumpima, kwa macho tu, na lilimkaa sawasawa, hata shangazi zake wakauliza kijana huyu alimwangalia lini namna hiyo. Mungu aliwapa watoto wanne, wa kwanza Anselmi. Pius alifariki angali mchanga.

Sasa pana jambo ambalo kwa kawaida halisomwi msibani. Marehemu aliagiza lisomwe, na binti yake Klara mwenyewe amekubali.

Mwaka 1978 Klara, kitinda mimba, alimaliza darasa la saba, na jina lake halikuwamo katika waliochaguliwa kwenda sekondari. La rafiki yake Sabaha lilikuwamo. Mtaani wakamwuliza, "Hata wewe, Klara, tuliyekuita mwalimu?" Akacheka nao. Kisha akaacha kula, akaacha kusuka nywele, akamgawia Sabaha madaftari yake yote na kanga yake mpya. Mama yake aliona. Alimfuata mpaka bombani, akalala mlangoni pake, na majirani aliwaambia ni malaria. Kumwuliza hakuthubutu. Alidhani kulitaja jambo ni kuliita.

Baba yake alijua kwa futi. Pasaka ya mwaka uliofuata ilikuwa imekaribia, akampima gauni kama kila mwaka. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi tatu. Akaikunja futi, akaketi naye mkekani.

"Klara mwanangu, unawaza kujiua?"

Mkewe aliangusha ungo wa mchele. "Baba Anselmi! Neno gani hilo mbele ya mtoto?"

"Neno haliui, Mama Anselmi. Mimi naogopa kimya."

Klara akalia sana, kisha akasema, "Ndiyo, baba."

Hakumgombeza wala hakumhubiria. Alimwambia, "Umefanya vizuri kuniambia. Mzigo huu sasa ni wetu wawili." Kesho yake alimpeleka kwa daktari, na tangu hapo akawa anakaa naye barazani, kazi yake kushona vifungo. Wateja walitania, "Fundi, naona umeajiri!" Akajibu, "Nimeajiriwa."

Kila asubuhi alimwuliza, "Leo uko inchi ngapi?" maana yake, leo hamu ya kuishi ni kiasi gani.

"Tano, baba."

"Tano zinatosha mfuko wa shati. Tushone mfuko, kesho tutaona."

Siku nyingine Klara hakujibu kitu, wakakaa tu, cherehani imefunikwa. Mkewe alinung'unika kwamba wateja wanaondoka. Akamwambia, "Wateja wako wengi. Klara ni mmoja." Ulipita karibu mwaka mzima kabla Klara hajasema, "Thelathini." Siku ile mzee mzima alisimama barazani akapiga vigelegele kama mwanamke arusini, Mtaa wa Msimbazi wote ukageuka.

Agosti mwaka jana alianza kuvimba miguu na kubanwa kifua. Alitibiwa Muhimbili, akavumilia. Juma lake la mwisho alimwita mkewe.

"Mama Anselmi, sasa utauliza wewe."

"Mimi siwezi. Naogopa jibu."

"Uliza hivyohivyo ukiogopa."

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Klara.

Asubuhi ya Jumatano Klara aliketi kwenye cherehani ya baba yake. Mama yake alikuja akasimama nyuma yake.

"Klara. Leo uko inchi ngapi?"

"Mbili, mama."

Mama yake hajui kushona. Hakujua inchi mbili zinatosha nini, ikabidi aulize na hilo. Klara alifikiri.

"Pindo," akasema. "Zinatosha pindo."

Basi wakashona pindo la kitambaa cheupe kinachofunika jeneza hili. Upande ulionyooka ni wa Klara. Ule uliokwenda mrama ni wa mama yake. Alhamisi Klara aliulizwa tena. Alisema tatu.

Fundi Eliasi ameacha mjane, Benedikta, watoto watatu, Anselmi, Sofia na Klara, wajukuu watano, na dada yake, Clotilda. Apumzike fundi wetu kwa amani, nasi tuliobaki tuulizane, hata tukiogopa.