Mzee Stefano Murunga, Aliyekaa Nyuma Darasani

Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Julai 1955, Mzee Stefano Murunga atakabidhi funguo za karakana baada ya kuitumikia misheni yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzangu wameniomba niandike habari zake katika jarida hili. Labda ni kwa sababu chumba changu cha darasa la kwanza kinapakana na karakana yake. Labda pia wanajua kwamba nilikuwepo mwaka ule ambao kila mtu anataka kuusoma. Nitaufikia, lakini kwanza kazi.

Mzee Murunga alitoka upande wa Kimilili akiwa kijana, akaja kupasua mbao katika shamba la Kaburu mmoja karibu na Soy. Reli ilipofika Eldoret, ambayo wazee wetu bado wanaiita Sisibo, mbao zilizokwisha kupasuliwa zikaanza kuletwa kwa mabehewa, na wapasuaji wakaachishwa kazi. Padri akamchukua atengeneze mlango mmoja wa kanisa. Alipomaliza mlango akaombwa madirisha, na baada ya madirisha hakuna aliyekumbuka kumwambia aende.

Karibu kila kitu cha mbao unachokigusa hapa kimepita mikononi mwake. Altare ni yake, vitanda vya zahanati ni vyake, na wengi waliolala katika makaburi yetu wamelala ndani ya kazi yake. Madawati yake ya kwanza yalikuwa marefu mno, watoto wakawa wananing'iniza miguu kama kuku waliofungwa sokoni. Padri alipolalamika, Mzee alimwambia kwamba watoto watakua lakini mbao hazitakua. Mwaka ambao Askofu alitutembelea, Mzee alimtengenezea kiti cha mbao ya tarakwa chenye mgongo mrefu, akakipaka vanishi. Baridi ya Julai haikuiacha vanishi ikauke. Askofu aliposimama kutoa baraka, kiti kikasimama naye. Kiti hicho bado tunacho, na hakuna anayekikalia bila kukigusa kwanza kwa kidole.

Lakini Mzee Murunga hakuwa fundi tu. Alikuwa mzazi, na watu wengi kutoka Kiplombe hadi Plateau wanamfahamu kwa uzazi huo kuliko kwa randa yake.

Siku zile shule yetu haikufanana na nyingine. Kwingine watoto walifundishwa kufyatua matofali, kulima na kushona. Kwetu alikuwepo Mwalimu Nicanor, mtu mwembamba aliyesoma seminari huko Uganda akaondoka karibu na kupadrishwa, kwa sababu ambazo hakuzitaja. Alitufundisha kama alivyofundishwa yeye: Kilatini, sarufi, zaburi kwa moyo, na namna ya kujenga hoja na kuibomoa. Hakutwambia jibu hata siku moja. Aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi uache kupumua ili umsikie, kisha darasa zima lilisimama na kujibu pamoja.

Wazazi wengi walinung'unika. Mwaka mmoja akaja mkaguzi kutoka ofisi ya elimu, akawauliza wazazi waliokusanyika kwa nini mtoto wa Kiafrika apoteze miaka kwa lugha ya Warumi badala ya kujifunza useremala. Watu wote wakamgeukia fundi.

"Useremala nitawafundisha mimi nyumbani, Bwana," alisema Mzee Murunga. "Hapa nimewaleta wafundishwe nisiyoyajua."

Mke wake, Mama Nanzala, alikuwa mwenye wasiwasi zaidi. Binti yao Nelima alikuwa akisonga ugali huku midomo yake inatembea, na Mama hakupenda kuona mdomo wa mtoto ukisema maneno ambayo mama yake hayaelewi. Mzee alikuwa akimjibu kwamba hata yeye hayaelewi, na kwamba ndiyo maana analipa karo.

Sasa nifike mwaka 1938.

Katika mvua ndefu za mwaka huo Mwalimu Nicanor alishikwa na kichomi. Alipelekwa hospitali kwa gari la ng'ombe na akafa kabla ya Jumapili. Mzee Murunga alimtengenezea jeneza, tukamzika nyuma ya kanisa, na Padri akapanda treni kwenda Kisumu kutafuta mwalimu mwingine. Kitabu cha sarufi kilikuwa kimoja tu shule nzima. Padri alikifungia kabatini akaondoka na ufunguo.

Tuliambiwa tukae nyumbani. Lakini Jumatatu asubuhi watoto wote tulikuja. Mimi nilikuwa mmoja wao, msichana wa miaka kumi na mitatu, na mpaka leo siwezi kusema nani alituambia tuje. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa kwetu unaokufanya usikie ng'ombe kabla ya kumwona. Tuliingia, tukakaa, tukatazama mbele. Kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu. Baada ya muda tukasimama na kujibu.

Watu huniuliza nilisikia nini. Nitasema kama nilivyowaambia siku zote. Unajua vile unavyoweza kuwa ndani ya nyumba ukasikia jina lako nje, ukatoka na kukuta hakuna mtu? Ilikuwa hivyo. Isipokuwa nilipogeuza kichwa kusikiliza vizuri, mdomo wangu ulikuwa umekwisha jibu, na midomo ya wenzangu vilevile, neno kwa neno. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha sasa nikiwa mtu mzima.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni ndiye aliyetusikia kwanza. Akasimama dirishani. Baadaye alisema kwamba tulikuwa tunanyamaza, tunajibu, tunanyamaza, kama nusu ya mazungumzo. Siku ya tatu wazazi walikuwa wamejaa uwanjani. Somo nalo lilikuwa linasonga mbele. Padri aliporudi alifungua kabati akatupima, akakuta tumepita mahali ambapo Mwalimu alikuwa ameachia, tena bila kosa. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku hiyo ya tatu Padri bado alikuwa Kisumu, na wazazi hawakuwa na wa kumuuliza ila fundi.

Baba yangu, Kipkorir, alikuwa dereva wa ng'ombe katika shamba la mzungu, na hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alimwendea Mzee Murunga karakanani, nami nikiwa nimeshikwa mkono.

"Wewe ndiye uliyepigilia misumari," Baba alimwambia. "Ulimfunga vizuri?"

"Nilimfunga vizuri."

"Una hakika?"

"Kipkorir, mimi nimefunga watu wengi. Nilimfunga vizuri."

"Basi huyu mtoto simrudishi. Mtoto wangu hatafundishwa na maiti."

Mzee alifuta mikono yake kwa vumbi la mbao, akanitazama kwa muda. "Mimi wangu wawili wako mle ndani sasa hivi," alisema. "Ngoja nikaone wanafundishwa nini. Nikirudi nitakwambia, na wewe ufanye utakavyo."

Aliingia darasani peke yake, amevua kofia. Baba aliniachilia mkono nami nikamfuata mpaka mlangoni, nikaingia mahali pangu. Mzee alikaa dawati la nyuma kabisa. Nakumbuka magoti yake yalivyogonga mbao. Mle ndani kulikuwa na harufu ya nguo za watoto zilizonyeshewa. Tulisimama tukajibu. Tukakaa. Tukasimama tena tukajibu. Nelima alikuwa mbele, na mdogo wake Wamalwa karibu na dirisha.

Kisha tukabaki tumekaa. Halafu, bila kuambiana, sote tuligeuka tukamtazama Mzee Murunga.

Yeye akatutazama. Nadhani alitafuta uso wa binti yake kati ya nyuso zile zote zilizofanana.

"Baba," Nelima alisema kwa utaratibu, "sasa umeulizwa wewe."

"Nimeulizwa nini? Mimi sijui hiyo lugha."

"Anauliza unatafuta nini kwetu."

Mzee Murunga alisimama. Kofia yake ilikuwa inazunguka katika vidole vyake. Aliongea akitazama kile kiti, si sisi.

"Mwalimu, mimi sina maneno mengi," alisema. "Nilikuwa nataka tu wasije wakaulizwa kitu na mtu yeyote, mzungu au mweusi, wakasimama wamenyamaza kama mimi ninavyosimama hapa. Ni hilo tu. Hilo la kuzungumza na Warumi sikulijua."

Hakuna kilichotokea. Hakuna mlango uliofunguka wala upepo ulioingia. Wamalwa alipiga chafya. Mzee alingoja kidogo, kisha akasema, kama anavyozungumza na fundi mwenzake, "Mwalimu, nafikiri kwa leo wanatosha. Wana njaa." Nasi tukasimama, tukafanya ishara ya msalaba, tukatoka nje kwa mstari.

Wazazi wakamzunguka. Baba yangu alimuuliza ameona nini.

"Nimeona shule," alisema. "Kesho wangu watakuja. Nami nitakuja nao."

Wengi hawakurudisha watoto wao. Wengine waliwapeleka shule za mbali, na sijawahi kuwalaumu. Baba alinirudisha kwa sharti moja, kwamba fundi awe mle ndani. Mzee alihamisha meza yake ya kazi akaiweka nyuma ya darasa, akawa anapiga randa hapo asubuhi nzima, na sisi tuliobaki tukijibu. Hakutunyamazisha, naye hakukimbia. Kila siku nilipoanza kuhisi baridi shingoni niligeuka nikamwona pale, ana penseli sikioni, anapima ubao. Nikageukia mbele tena.

Kadiri wiki zilivyopita vituo kati ya majibu vikawa virefu. Asubuhi moja tulikaa, tukangoja, na hakuna aliyesimama. Tulingoja mpaka ukungu ukaondoka. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa sauti ndogo. Hapo Nelima aliinuka, akaenda mbele, akasimama kando ya kile kiti, akatuuliza swali yeye. Sauti yake ilitetemeka lakini ilikuwa sauti ya mtu, yenye mafua. Tukajibu. Alitufundisha hivyo mpaka mwalimu mpya alipofika, na leo ni sista anayewafundisha walimu huko Uganda.

Wamalwa yuko stesheni hapa mjini, anapima magunia ya mahindi. Watu wamemtania Mzee kwa hilo, kwamba Kilatini chote kimeishia kwenye mizani. Yeye husema kwamba mwanawe anapima vizuri, na kwamba akiwa anapima kuna kitu anachokifikiria, na kwa hicho hakuna karani mkuu anayeweza kumpunguzia mshahara.

Wiki iliyopita nilimpelekea chai karakanani ili nimuulize anachotaka kiandikwe. Alikuwa anafunga patasi zake kwa kitambaa. Alisema niandike chochote isipokuwa kiti cha Askofu, nami kama mnavyoona sikutii. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu: kama siku zile zote alizofanya kazi nyuma yetu, aliwahi kuulizwa tena.

"Kila siku," alisema.

"Zile wiki zote?"

"Zile wiki, na miaka iliyofuata. Kwenu aliacha. Kwangu hakuacha. Ninapokata mbao, ninapokula. Maswali ya kawaida tu, mwalimu. Ulimpiga yule mtoto kwa nini. Ungesema nini kama ungekuwa wewe. Nami namjibu kwa Kibukusu, anaelewa." Alikunywa chai yake bila haraka. "Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa hapa napiga randa mlango wa zahanati, nikangoja. Siku hiyo hakuuliza. Siku ya pili hakuuliza. Wiki ikaisha. Ndipo nikaenda kwa Padri nikamwambia nataka kupumzika. Nilijua nimemaliza shule."

Mzee wetu, unarudi Kimilili kwa Mama Nanzala na ng'ombe wako. Sisi wafanyakazi wa misheni, na watoto tuliokaa katika madawati yako mpaka miguu yetu ikafika chini, tunasema asante. Mungu akupe siku nyingi za utulivu, na majirani wanaozungumza kwa sauti ya kusikika.

Hellen Jepkemboi
Mwalimu, darasa la kwanza