Sindano ya Potla na Kinanda cha Nimai-da

Baraza hili ni la nyumba yangu, na nalisema mapema ili ijulikane nani alimwomba nani ruhusa. Hakuna aliyeomba. Marehemu baba alilisakafia kwa saruji nyekundu akitaka mahali pa kuvulia viatu, leo limekuwa mali ya umma, na mimi mwenye nyumba nikichelewa ndiye ninayekosa pa kukaa. Kila alasiri, mvua ya mwezi wa Bhadro ikikatika na mtaa wetu wa Chitpur ukianza kunukia matope na mafuta ya haradali, wanakuja. Haru wa ng'ambo ya kichochoro analeta chai kwenye vikombe vya udongo, na ubishi unaanza kabla chai haijapoa. Siku hiyo tulikuwa na mgeni wa ziada: nyenje mmoja amejificha kwenye ufa chini ya baraza, siku ya tatu sasa, analia mchana kutwa. Nimemmwagia maji, nimemfukizia moshi, wapi.

Potla ndiye aliyetangulia. Ni karani wa benki, mnene, mpole, na kila mwezi hununua iafoni mpya, vile visikizio vya kuchomeka masikioni, na kumficha mkewe. Alikuwa amepanga jozi tatu juu ya gazeti, na kila moja tumeipa jina. Blanketi ni ile yenye besi nzito, kila kitu kimefunikwa. Maji ni ile isiyotia chumvi wala sukari. Sindano ni ile ya rangi ya fedha, ambayo sauti zake za juu zinatoboa. Hiyo Sindano aliinunua bila kuisikia, na sasa anatafuta wa kumtwisha.

Pembeni yake alikaa Daktari Bhombol, yule anayetibu kila ugonjwa kwa vidonge vitamu vidogo kuliko punje ya mtama. Bhombol hajawahi kukosa jibu, hata swali likikosekana.

Ndipo akaja Nimai-da. Hiyo "da" ni heshima ya kaka mkubwa, na sisi hatumwiti bila hiyo. Alikuwa amebeba kinanda cha viriba kwapani, kimefungwa kwa shuka. Sote tukasogea.

– Kimerudi tena? nikamuuliza.

– Kimerudi mara ya pili, akasema Nimai-da, akakitua taratibu. Mwenye duka ameniambia, kikirudi mara ya tatu, kiti changu anakalia Ponchu.

– Ponchu gani? Yule wa juzi juzi?

– Huyo huyo. Anarekodi kwa simu, anasikiliza kwa iafoni. Eti ndiyo kisasa.

Miaka arobaini na moja mzee huyu amekaa kwenye duka la kona, mbele ya rafu ya vinanda, akikwangua ndimi za shaba zinazotoa sauti. Kila kibonyezo cha kinanda kina ndimi mbili ndani, na kazi yake ni kuzifanya zilie kama mmoja. Zikipishana kwa unywele tu, sauti inatetemeka. Yeye anakwangua kwa tupa ndogo mpaka mtetemo ufe. Hajui kazi nyingine, wala hajawahi kuitaka.

– Kosa si langu, akasema. Shaba ya siku hizi ni mabaki ya masufuria. Na mwenye kinanda hiki ana masikio ya popo. Analalamikia sauti za juu tu, za juu tu.

Tukakubali wote. Kumkatalia Nimai-da hadharani ni kukosa malezi.

– Potla, akaendelea, nichagulie iafoni nzuri. Kama Ponchu anaziweza, mimi zitanishindaje?

– Nzuri haipo, Nimai-da, akasema Potla, na nilijua tumekwisha. Kuna ya kwako na ya mwenzako. Masikio ni kama ulimi.

– Hapo umesema, akadakia Bhombol. Mtu husikia kama anavyokula. Nyinyi Ghoti, watu wa huku huku, mnatia sukari mpaka kwenye dengu. Basi lazima mpende Blanketi. Sisi Bangal wa mashariki, tuliovuka mto Padma na samaki wetu ilish na pilipili zetu, tunataka sauti inayochoma.

– Mimi ni Ghoti kwa baba na kwa mama, na napenda Maji.

– Wewe ni karani. Karani hana ladha, ana mhuri.

– Na wewe uliyezaliwa hospitali ya hapo nyuma, Padma uliivukia wapi?

– Damuni. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana dawa yangu tone moja kwenye bahari linatibu.

– Tone moja kwenye bahari ni bahari, nikasema. Tuendelee.

Potla akampa Nimai-da Blanketi kwanza. Mzee akaichomeka kama anayechokonoa sikio, ikadondoka.

– Isukume ndani ikae sawasawa, akasema Potla kwa upole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Besi yote inavujia nje.

Wimbo wake wa kupimia ni ule ule kila siku: mwanamke anaimba, ngoma mbili zinaitikia, na mchezaji anazunguka na njuga miguuni. Nafikiri hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikiliza mpaka mwisho. Nimai-da akafumba macho. Kichwa chake kilipoanza kwenda na ngoma, nilisikia raha, maana miezi miwili hii sikumwona akifurahia kitu.

– Ngoma ipo, akasema. Mwimbaji amekaa chumba cha pili.

– Ndiyo Blanketi hiyo. Na mchezaji?

– Mchezaji gani?

– Sawa kabisa, akasema Potla. Blanketi inameza njuga. Sasa Maji.

Akasikiliza Maji. Akasikiliza tena.

– Hapa mwimbaji amekuja mbele. Anapumua kabla ya neno, vizuri sana. Lakini mchezaji amevua njuga.

Potla akanitazama. Mimi nikaangalia chai yangu. Kwenye Maji njuga zipo, hata mimi mwenye masikio ya kuazima nazisikia, zinamiminika kama mchele kwenye ungo.

– Umeiweka vibaya, akasema Potla. Au leo ina kutu. Jaribu Sindano basi, ila nakuonya, mimi siimalizi dakika.

Mzee akachomeka Sindano. Mara uso wake ukalegea, akatabasamu kama mtu aliyeonana na jamaa yake sokoni.

– Hii, akasema. Hii ndiyo yenyewe. Njuga hizo hapo, kwa mbali, laini. Mbona mnaiita Sindano?

Nikamwomba sikio moja nisikie. Wallahi, nilichomoa haraka. Njuga zilikuwa misumari.

Nami nikajua hapo hapo, na nikanyamaza. Nasema ukweli wangu: niliogopa. Ukimwambia fundi wa sauti kwamba sikio lake limepunguka, umemwachia nini kingine? Nikajiambia atajua mwenyewe, au asijue, Mungu anasaidia.

Lakini Bhombol hakujua, na nadharia yake ilikuwa imevunjika mbele ya watu. Ghoti wa sukari kwenye dengu amechagua pilipili.

– Bibi yako mzaa mama alikuwa Bangal, akamwambia Nimai-da.

– Alikuwa Ghoti wa Bardhaman. Alikuwa anatia sukari kwenye chumvi.

– Basi mama mkwe.

– Mama mkwe ananipaje masikio?

– Kwa mapishi. Miaka thelathini unakula mkononi mwa binti yake, damu inageuka. Unalala kichwa upande gani?

– Mashariki.

– Unaona? Mashariki. Masikio yanaivuta Padma usiku kucha.

– Na mimi ninayelala kichwa magharibi? akauliza Potla.

– Ndiyo maana ukawa karani. Jua linakuzamia kichwani.

Nimai-da akacheka mpaka akakohoa. Akasema hata kama ni mama mkwe, Sindano ndiyo aliyoipenda, na Blanketi wampe mwenye baridi.

– Nakupa vidonge sita, masikio yarudi kwao, akasema Bhombol akipekua begi.

– Sitaki vidonge vyako.

– Basi tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alisema kwa mzaha, akapuliza chai yake. Nyenje naye hakuacha, anakereza tu chini ya miguu yetu.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele ya baraza, mwavuli mkononi, sari imepandishwa kidogo kuepuka dimbwi. Akaunganisha viganja kutusalimu. Hajawahi kufika hapa. Nimai-da akainuka nusu, na kwa namna alivyoinuka nikajua ndiye mwenye kinanda.

– Kaa, Nimai-da, tafadhali. Naitwa Sucharita, akatuambia sisi, nafundisha watoto kuimba mtaa wa nyuma. Sikuja kukuharakisha. Dukani wamenieleza walichokuambia. Nikaona heri nikisikilize kinanda hapa, kabla hakijafika kule, ili kisirudi.

– Una moyo, dada, nikasema, nikampisha nafasi.

Haru akaleta kikombe. Kwa heshima ya mgeni wakanyamaza wote, jambo ambalo kwenye baraza langu halitokei ila umeme ukirudi. Sucharita akanywa mara moja, akainamisha kichwa, akatazama chini ya miguu yake.

– Huyo nyenje, akauliza, mnawezaje kuzungumza naye akilia hivyo?

– Usiseme, dada, akasema Bhombol. Siku ya tatu. Ametutoboa vichwa.

Nimai-da akatutazama mmoja mmoja, bado ana tabasamu la ule mzaha wa mama mkwe.

– Nyenje gani?

Bhombol akageuza kikombe chake, akakigeuza tena. Swali lilikuwa dogo, na sisi watu wa majibu tulikaa pale tukimwacha mzee anangoja. Nyenje akalia. Akalia tena. Na Nimai-da, akituangalia nyuso, aliona tunasikiliza kitu.

Tabasamu likaondoka polepole.

Potla ndiye aliyekuwa na moyo kuliko mimi. Akachukua simu yake, akapiga magoti na unene wake wote, akaiweka kwenye ufa, akarekodi. Halafu akachomeka Sindano kwenye simu, akaongeza sauti, akampa Nimai-da.

Mzee akasikiliza kwa muda mrefu.

– Kumbe ni nyenje, akasema. Mke wangu analalamikia nyenje chumbani tangu mwaka juzi. Nilimwambia anazeeka.

Mzee akafungua shuka. Akakivuta kinanda magotini, mkono mmoja ukasukuma viriba, mwingine ukaenda kwenye vibonyezo vya mwisho kulia, vile vya juu kabisa. Potla akashika simu karibu, akarekodi. Sauti ilitoka, na kwangu mimi ilikuwa sauti tu, labda ina homa kidogo. Akaisikiliza kwa Sindano. Akarudia kibonyezo cha pili yake. Cha tatu.

– Inatetemeka, akasema. Zote zinatetemeka.

Sucharita alikuwa anatazama mwavuli wake.

– Nilikuita popo, dada.

– Nimeshaitwa vibaya zaidi, Nimai-da. Nafundisha watoto.

Mzee akazitoa iafoni masikioni, akaziweka kiganjani, akaziangalia. Kisha akatuuliza sisi, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

– Tangu mwaka juzi, vingapi vimetoka mkononi mwangu hivi?

Nilihesabu misimu kichwani bila kutaka. Sikukuu mbili za mungu wa kike Durga, harusi, shule, watoto wa watu wanaojifunzia noti za sa-re-ga kwenye ndimi zisizoelewana. Bhombol akaweka mkono begani kwake, akauondoa, kisha akaurudisha, ukakaa.

– Lile neno langu la sikio, akasema Bhombol, lifute.

– Ni methali, akasema Nimai-da. Haifutwi.

Akatoa tupa yake mfukoni mwa shati. Akafungua mfuniko wa kinanda, akaunyanyua ubao wa ndimi, na hapo mikono yake ikawa ile ile ya miaka yote, haina wasiwasi. Akakwangua ncha ya ulimi mmoja mara mbili, kidogo sana, akarudisha ubao, akapiga. Potla akarekodi. Mzee akasikiliza Sindano, akafungua tena. Hivyo, mara ya tano, ya sita. Chai ilikuwa imekwisha zamani, Haru akaja kuokota vikombe, naye akabaki amesimama.

Hatimaye akapiga kibonyezo cha mwisho na hakuomba simu. Alichomoa iafoni, akamgeukia Sucharita. Miaka yote niliyomfahamu, watu ndio walimuuliza yeye. Sijawahi kumsikia akimuuliza mtu.

– Imetulia?

Sucharita akasogea. Akainamisha sikio karibu na viriba, akamwomba apige tena, na mzee akapiga. Tuliona anataka kusema ndiyo. Mimi nilikuwa namwombea aseme ndiyo.

– Bado kidogo, akasema.

– Ulimi wa upande gani?

– Wa kushoto. Umepanda.

Nimai-da akaitika kwa kichwa, akafungua mfuniko, akashika tupa.