Mtihani wa Uraia wa Antena

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka la betri na ukuta wa ghala la zamani, mahali ambapo jua halifiki mpaka saa sita. Mimi ndiye mwenye jiko na mabuli; wananiita Mama Kahawa. Wanaokaa hapo kila siku ni watatu. Diwani aligombea udiwani mara mbili akaanguka mara mbili, cheo kikabaki midomoni mwa watu. Tani Saba ni dereva wa lori aliyeachishwa kazi na mgongo. Na Antena, mrefu kama jina lenyewe, ni fundi redio. Meza yake ya kazi imebanwa pembeni ya benchi, na shingo yake imeinama juu ya nyaya tangu asubuhi. Kelele za hapo ni za Diwani na Tani Saba. Antena huongea akiulizwa, au wengine wakikosea sana.

Siku moja Antena alikuja na kijitabu cha kurasa arobaini hivi. Historia ya nchi, jiografia yake, watu wake, serikali, uchumi.

— Nitaulizwa humu, alisema. Nikipita, napewa uraia.

Diwani akacheka.

— Uraia wa wapi tena?

— Wa hapa.

Kicheko kikamkatikia. Miaka ishirini na sita Antena anakaa nasi, na hakuna aliyejua kwamba hana uraia. Akatueleza huku anakaza skrubu: alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, ana miaka mitatu, vita viko nyuma yao. Mama akafariki kabla hajamtafutia karatasi yoyote. Akakua hivyo hivyo, akaoa hivyo hivyo. Asingejisumbua, ila binti yake amepata nafasi chuo cha uuguzi, na fomu inataka cheti cha uraia wa baba. Chuo kimetoa miezi miwili.

— Basi umefika kwa wenyewe, Diwani akasema. Serikali yote naijua mimi.

Kuanzia kesho yake Diwani akawa mwalimu, miwani imeshikiliwa na uzi.

— Nchi hii ina mikoa mingapi?

— Kumi na minane, Tani Saba akadakia. Nimelala kote.

— Hukuulizwa wewe!

— Ishirini na miwili, Antena akasema. Ile minne mikubwa waliikata katikati. Walitangaza saa mbili asubuhi, nilikuwa nimefungua redio ya mwalimu mkuu.

Diwani akatazama kijitabu, akageuza ukurasa.

— Mto mrefu kuliko yote una urefu gani?

— Ule mto unapungua, Tani Saba akasema.

— Mto unapunguaje, mzee mwenzangu?

— Kila wakijenga daraja, unapungua. Mimi zamani nilikuwa nauvuka kwa siku mbili, nangoja kivuko. Sasa hivi ni dakika tatu. Huo ni mto ule ule?

— Huo ni upana! Mtu ameulizwa urefu!

— Upana, urefu, maji si yale yale?

Antena akataja kilomita zake, polepole. Zilikuwa sawasawa.

— Na makao makuu ya nchi yaliwekwa pale kwa nini?

Hapo Diwani hakungoja jibu. Alisema yule mpima ardhi wa kwanza punda wake alifia pale pale, akakosa namna ya kuendelea na safari, akachomeka kigingi. Tani Saba akasema uongo mtupu, sababu ni mke wa bwana mkubwa fulani aliyekuwa anaumwa kifua na joto la pwani. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, kila mmoja akiongeza chumvi: punda wakawa watatu, mke akawa na dada.

— Ni kwa sababu pako katikati ya nchi, Antena akasema. Ukurasa wa kumi na moja.

— Hayo ndiyo ya kuwaambia wao, Diwani akamjibu. Ya punda ubaki nayo.

Wakafika kwenye uchumi. Nchi inategemea nini? Antena akasema kilimo. Tani Saba akasema malori. Lori likigoma wiki moja, alisema, mtakula hicho kijitabu. Nikasema inategemea wanawake wanaoamka saa kumi na moja alfajiri. Hawakunibishia, ila hawakunihesabu pia.

Nilikuwa natazama na naona. Yule tuliyekuwa tunamfundisha ndiye aliyekuwa anajua. Sisi wenye nchi tulikuwa tunabahatisha.

Siku ya mtihani alivaa koti la harusi yake. Alirudi saa tisa. Hakukaa.

— Wameniuliza maswali kumi na moja, alisema. Nimejibu yote. Mwisho wakaniambia niimbe wimbo wa taifa. Nikasimama nikaimba. Yule bwana aliyekuwa ananiuliza, naye akajikuta amesimama, kalamu mkononi.

Tani Saba akamshika mkono, hakuuachia haraka. Siku hiyo kahawa niliigawa bure.

Wiki moja baadaye Antena alienda na binti yake kupiga picha za fomu. Huku nyuma akaja dada mmoja mwenye faili, kijana, viatu vina vumbi la kutembea. Akasalimia vizuri, akajitambulisha: afisa kutoka ofisi ya uraia, anauliza majirani kabla cheti hakijatolewa. Akatoa picha.

— Mnamfahamu huyu?

Eh! Tulimvamia kwa maneno. Huyo Antena wetu! Tani Saba akasema anamfahamu kuliko ndugu yake wa tumbo moja. Diwani akasimama kama yuko jukwaani: mtu huyu hajawahi kugombana, hajawahi kudhulumu, redio ya hospitali ya mtaa aliitengeneza bila malipo, wagonjwa wakasikiliza mpira. Mimi nikasema mume wangu alipofariki, Antena alikaa mlangoni kwangu siku tatu, kazi yake kupokea watu.

Dada aliandika yote. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Jina lake kamili anaitwa nani?

Diwani akafungua mdomo. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Tani Saba.

— Antena, Tani Saba akasema.

— Hilo la utani, mzee wangu. Jina lake ninalo hapa kwenye faili, nataka kulisikia kwenu. Hata moja. Hata la baba yake.

Nilisikia maji yanachemka kwenye jiko langu, na sikuweza kuinuka kuyaepua. Miaka ishirini na sita. Dada alingoja, kwa kweli alitupa muda. Kisha akafunga kalamu.

— Kanuni inataka majirani watatu wanaomfahamu, alisema. Samahanini wazee wangu.

Antena aliporudi tukamwambia. Nani angeficha? Diwani ndiye aliyesema, na sauti yake ya jukwaani ilikuwa imekwisha. Antena akakaa, akachukua redio iliyokuwa wazi mezani, akaiweka chini tena.

— Hamkuniuliza, alisema.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Baadaye kidogo akaongeza:

— Na mimi sikusema. Jina langu linataja nilikotoka, mtu akilisikia tu anajua. Shuleni nilipigwa kwa ajili yake. Siku ya kwanza hapa, Diwani akaniita Antena, watu wakacheka, nikafurahi. Nikaona nimepata pa kujificha.

— Mimi ndiye niliyekupa, Diwani akasema.

— Wewe.

Basi akatuambia. Majina matatu: lake, la baba, la babu. La babu lilikuwa gumu, linaanza na sauti ambayo ulimi wetu hauna. Tani Saba alilirudia mara nyingi, jasho linamtoka, kama mtoto wa darasa la kwanza. Antena alimsahihisha kwa upole, kila mara.

Asubuhi tukaenda ofisini, wote watatu. Jiko nililiacha limezimwa, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu msiba wangu. Yule dada alitoka nje akatukuta tumejipanga kwenye korido. Tukalitaja jina mmoja mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakalainika.

— Taarifa yangu imeshapanda juu, alisema. Andikeni maelezo yenu, mtie sahihi. Nitayaambatanisha. Lakini itachukua muda.

Ilichukua miezi mitano. Chuo hakikungoja, nafasi ya binti akapewa mwingine. Aliambiwa aombe tena mwaka unaofuata. Mwaka ule alishinda anashona mifuko kwenye kiwanda, na alikuwa anapita mbele yetu kila asubuhi, anaamkia, anaenda.

Cheti kilipotoka Antena alikileta benchini. Tulikishika kwa vidole vya pembeni, tusikichafue. Binti akaja kukichukua akakitolee kopi. Safari hii alisimama. Sikuwahi kumwona kwa karibu hivyo. Ana macho ya baba yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Diwani akasema. Kaa kidogo. Tuna deni la maneno kwako. Tulikukosesha mwaka mzima. Tusamehe.

Binti hakukaa. Alikiviringisha cheti taratibu, akakitia kwenye bahasha, akatutazama mmoja mmoja, halafu akamtazama baba yake aliyekuwa amerudi kwenye nyaya zake.

— Sina kinyongo na nyinyi, alisema. Ila kuna kitu nakiwaza nikiwa kazini. Baba alikuwa anatoka nyumbani saa moja, anarudi jioni, maisha yangu yote. Alikuwa hapa, na nyinyi. Mlikuwa mnazungumza nini?

Diwani akavua miwani. Mimi nikainamia mabuli yangu. Alingoja, kama alivyongoja yule dada wa ofisini.

— Nchi, Tani Saba akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Tulikuwa tunazungumza mambo ya nchi.

Binti akaitikia kwa kichwa, akaiweka bahasha kwapani, akaondoka.