Mlima wa Buhira kwa Rangi za Watu Sita: Maisha ya Mwalimu Ladislas Nzabandora, 1920–1958

Familia ya marehemu inawasalimu nyote mliofika hapa misheni leo Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1958, mliotoka Ngungu kwa miguu na mliotoka Mpofi kupitia msituni, inawaomba wenye mahali pa kukaa wakae na wengine wavumilie, maana maisha ya mwalimu hayakuwa marefu.

Mwalimu Ladislas Nzabandora alizaliwa Ngungu tarehe 14 Machi 1920, chini ya mlima wa Buhira, mtoto wa pili wa Papa Bauma, mkulima, aliyetutangulia mwaka 1943, na Mama Nyiramana, ambaye ameketi hapa mbele yetu; marehemu alibatizwa Pasaka ya mwaka 1929, akasoma shule ya msingi hapa misheni kuanzia 1930 hadi 1936, kisha shule ya walimu kuanzia 1937 hadi 1940.

Septemba 1941 alianza kufundisha darasa la pili hapa hapa, ilikuwa miaka ya vita, shule haikuwa na rangi, akawafundisha watoto kuchora kwa makaa, kwa udongo mwekundu wa Ngungu, kwa pemba, ule udongo mweupe, kwa majani ya maharagwe yaliyopondwa, na kwa ngula, ule unga mwekundu wa mti ambao wachuuzi walimletea kutoka Walikale, na wazazi waliolalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani wamechafuka aliwajibu kwamba mto haujakauka.

Jumamosi tarehe 3 Agosti 1946 alifunga ndoa na Mama Mukagasana, binti wa Papa Mbonigaba, mfugaji aliyehamia milima ya Masisi mwaka 1938, na siku ya harusi Papa Mbonigaba alimwambia mbele ya wageni, "Mukwe wangu, kwangu jembe inabakia ku mulango," kaka mkubwa wa marehemu, Papa Sebahire, akajibu kwa niaba yake, "Na kwetu ngombe inabakia inje, Papa," watu wakacheka, wawili hao wakanywa kutoka chungu kimoja. Mungu aliwajalia wanandoa hawa watoto watatu, Godelieve aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1947, Théoneste aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1950, na Thacienne aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1954.

Sasa familia inafika kwenye jambo ambalo imekubali lisifichwe, na Papa Sebahire mwenyewe amekubali. Mwaka 1956 watu wa serikali walikuwa wanapima ardhi upande wa Ngungu, Buhira ilikuwa na mashamba chini na malisho juu, na mahali mashamba yanapoishia na malisho yanapoanzia hapajawahi kukubaliwa na pande zote mbili. Mwaka huo huo marehemu aliwaita wachoraji watano, wakulima na wafugaji, akawa wa sita, akamwomba kila mmoja achore Buhira jinsi anavyoiona kwa macho au kwa mawazo, na Jumapili tarehe 8 Julai, baada ya misa, picha sita zilitundikwa katika darasa lake. Mama Mukantabana, muuza maziwa, alichora ukungu wa asubuhi na wanawake wenye vibuyu ndani yake, Manassé Hakorimana, mfugaji, alichora ng'ombe wa kila rangi wakishuka hadi kijito cha chini, kwenye mashamba, na marehemu alipaka mlima mzima kwa bulu ya kufulia nguo, bila shamba, bila mnyama, bila nyumba.

Watu walijaa hadi madirishani, walifurahi, mkulima mmoja akauliza mbele ya picha ya marehemu, "Mwalimu, maharagi yetu ulipeleka wapi?" na sauti ya mfugaji ikajibu kutoka nyuma, "Ngombe yetu njo ilikula," darasa zima likacheka, na wale waliokuwa karibu na marehemu wanasema hawakuwahi kumwona na furaha kama ya saa ile.

Kisha mpimaji mmoja wa serikali aliingia, akasimama mbele ya ng'ombe wa Hakorimana, akauliza jina la mlima, akaambiwa, akasema "Vizuri," akatoka. Hakusema neno lingine, lakini kabla ya jua kuzama ilikuwa imeenea Ngungu yote kwamba serikali imeona ng'ombe hadi kijito na imesema vizuri, na kwamba aliyeitundika picha hiyo kwa mkono wake ni mtoto wa Bauma, kwa ajili ya baba mkwe wake.

Papa Sebahire alikuja darasani kesho yake akamtaka mdogo wake aishushe picha ile ya ng'ombe. Marehemu alimjibu, "Kaka, hii iko rangi tu," Papa Sebahire akasema, "Rangi yenyewe ulichota ku udongo yetu." Marehemu alieleza kwamba akiishusha picha moja atakuwa amekubali kwamba picha ni ushahidi wa shamba, na kwamba hapo hakuna atakayethubutu tena kuchora kitu chochote chenye udongo, akaziacha zote ukutani hadi Jumapili ya tarehe 15, kama alivyowaahidi wachoraji. Tangu siku hiyo Papa Sebahire hakula tena nyumbani kwa mdogo wake.

Januari 1957 marehemu alihamia Mpofi, Walikale, kwa ombi lake mwenyewe, alifundisha huko, aliwachorea watu wa msitu nyuso zao kwa ngula, na waliomtembelea walikuta alikuwa anauliza habari za Ngungu kabla hajawapa maji. Februari 1958 alianza kukohoa, alitibiwa katika zahanati ya Pinga bila nafuu, na Agosti alibebwa kwa tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, hadi hospitali ya hapa.

Oktoba, akiwa kitandani, alisikia kwamba kaka yake amefyeka mahali pa kumzika, juu ya Buhira, karibu na kaburi la Papa Bauma, kuelekea malisho, na kwamba wafugaji wamekasirika, kwa sababu kwetu alipolala mtu ukoo wake hauondolewi. Akaomba Papa Sebahire aitwe. Alikuja Jumapili tarehe 26 Oktoba, na Mama Mukagasana, aliyekuwepo, anasimulia kwamba marehemu alimwambia, "Kaka, ukinizika kule haitakuwa kaburi, itakuwa mupaka," akaomba alazwe hapa misheni. Papa Sebahire alimuuliza, "Baba utamuacha peke yake?" na marehemu akasema, "Baba iko na wewe. Watoto yangu iko na babu ku kila upande, nisiwakatie mulima mu mbili." Papa Sebahire alifungua viazi vitamu alivyoleta, akamenya, wakala pamoja kutoka sahani moja.

Mwalimu Ladislas alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba 1958, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Ni wa kwanza katika ukoo wa Bauma kulala mbali na Buhira, na mama yake ameuliza tangu juzi nani atapalilia kaburi la mtoto wake katikati ya watu asiowajua.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Pinga na wa hapa, majirani wa Mpofi waliobeba tipoyi kwa zamu, walimu wenzake waliofundisha darasa lake, Mama Mukantabana aliyeleta maziwa kila asubuhi, na Hakorimana aliyelipaka jeneza pemba. Papa Sebahire na Papa Mbonigaba, waliolibeba jeneza mbele, mmoja kulia na mwingine kushoto, wametutuma tuwaombe jambo moja, kwamba siku mlima ule utakapozungumzwa tena mbele ya serikali, mtu yeyote wa upande wowote asilitaje jina la marehemu.

Ladislas, mwana wa Bauma, pumzika kwa amani mahali ulipochagua mwenyewe.