Someni Nyuma ya Geji

Leo, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa dashibodi anastaafu baada ya kuitumikia gereji hii kwa miaka thelathini na mmoja. Sote tunamwita Mzee Mishale, kwa sababu mshale wa geji ukilala, yeye hali chakula mpaka usimame. Mimi ni mshona viti, jirani yake wa meza kwa miaka kumi na tisa. Nimeombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Mfupi nitajaribu.

Alianza hapa kama muosha vipuri. Mwaka wa pili tu alikuwa anafungua vipima mwendo na kuvirudisha vikiwa vizima, na mafundi waliomtangulia wakaanza kumpelekea vyao kimyakimya. Kitu kimoja kilikuwa kinamtia wazimu: mteja anayesema, "Hiyo ya mafuta ikionyesha nusu ujue yameisha, mimi nimeshaizoea." Hapo alikuwa anaweka bisibisi chini na kumwambia kwamba geji ni ya kusomwa, si ya kuzoewa. Wateja wawili walihama kwa sababu ya maneno hayo, na wote wawili walirudi.

Tulikosana mara moja tu. Akifungua kioo cha geji alikuwa anasimamisha kipande cha boksi kilichoandikwa USIPIGE CHAFYA, na vumbi la sponji zangu halijui kusoma. Alininunia siku tatu, kisha akaniletea kitambaa nishone pazia la kututenganisha. Pazia hilo liko mpaka leo, na tulizoea kupeana chai kwa chini yake.

Sasa nifike kwenye lile gari jeupe la zamani linalosimama mlangoni, alilotuachia mwanzilishi wa gereji. Mwaka jana Meneja wetu mpya alimpakia mteja mmoja mwenye tai, na gari likazimika katikati ya mzunguko wa barabara, geji ikionyesha nusu tangi. Waliteremka wakasukuma. Kesho yake Meneja akaagiza geji zote tano ziboreshwe: ya mwendo, ya mafuta, ya joto, ya oili na ya chaji.

Mzee Mishale aliifanya kazi hiyo kwa miezi minne. Sura za zamani alizibakiza, na tarakimu zake zilizogeuka rangi ya chai, lakini kila kilichokuwa nyuma yake alikitoa na kuweka mitambo mipya ya umeme aliyoiunga kwa mkono wake. Alibadilisha boya la tangi, kisha akamimina petroli lita moja moja kwa jagi, akitazama kila mara mshale umesimama wapi. Alipomaliza, ukikaa nyuma ya usukani unaona dashibodi ileile ya siku zote, ila sasa inasema kweli.

Meneja alifungua mlango, akachungulia, akauliza, "Miezi minne, na hujabadilisha kitu?"

Mzee akamjibu, "Washa gari, bosi."

Hakuwasha. Jumatatu ikaja barua ya onyo: uzembe na kupoteza muda wa kazi. Geji zikang'olewa, kikafungwa kioo cha kisasa cha kidijitali ambacho jua likikipiga dereva haoni chochote ila pua yake mwenyewe. Mimi nilikuwepo, sindano mkononi, nikanyamaza kama niliyemwagiwa maji. Hasira ninayoandika nayo leo, nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Ili niandike wasifu huu nilipewa faili lake. Miaka thelathini na mmoja, na karatasi ya mwisho ndani yake ni barua hiyo. Yaani mtu yeyote atakayelifungua kesho atasoma kwamba huyu aliondoka hapa akiwa mzembe. Imeniuma, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa maneno ya sukari. Shemeji yetu, mke wake, ameniambia kwamba tangu siku ya barua mume wake hajagusa bisibisi nyumbani. Saa ya ukutani imesimama miezi sita, na kila akimwambia aitazame anamjibu amtafute fundi.

Juzi nikapewa zawadi yake niifunge kwenye karatasi ya maua. Nayo ni nini? Ni zile geji zake tano, zimekazwa kwa skrubu kwenye ubao uliopigwa vanishi, kama kumbukumbu. Mtu unamng'olea kazi yake, kisha unamzawadia. Niliweka karatasi kando, nikazifungua moja moja. Nyuma ya kila geji, pembeni ya waya alizoziunga, kuna mwandiko wake mdogo wa penseli. Ya mafuta inasema: "Ilidanganya lita kumi na moja. Nimeipima mara sita. Sasa haidanganyi."

Nimezikaza upya, sura zikitazama ubao. Hivyo ndivyo zilivyo pale kwenye meza ya mbele, bila karatasi ya maua, na kila mtu apite asome. Ratiba ya hafla hii ya kumuaga aliyoipitisha Meneja ilikuwa na vipengele vinane. Mliyonayo mikononi ina tisa, kwa sababu asubuhi nimeongeza kimoja kabla ya kukabidhi zawadi: Meneja kusoma kwa sauti maandishi ya nyuma ya geji zote tano, kisha kuitoa barua kwenye faili. Faili liko mezani, pembeni ya keki. Tuna muda, tutasubiri.

Mzee Mishale, asante kwa kazi, kwa chai, na kwa kuninunia siku tatu tu. Nisamehe kwa siku niliyonyamaza. Sisi wa meza za nyuma tunakuombea afya na miaka mingi ya kupumzika na Shemeji. Ukifika nyumbani leo, chukua bisibisi uitengeneze ile saa. Shemeji amechoka kuuliza majirani ni saa ngapi, na fundi anayemtafuta ni wewe.